Alama Zilizofutwa kwa Marashi

Kama umeambiwa kuwa baada ya kisu kuna mionzi, na hujui mionzi ni kitu gani, na kila unayemuuliza anakutazama kwa huruma badala ya kukujibu, basi kaa hapa tuzungumze. Mimi nimepita huko. Sitakueleza jinsi mashine inavyofanya kazi kwa sababu sijui, na wanaojua nilipowauliza walinijibu kwa maneno yaliyonizidi kimo. Nitakueleza niliyoyaona. Na zaidi nitakueleza habari za mavyaa wangu, Bi Rehema, mama wa mume wangu, kwa sababu bila yeye sijui kama ningefika mwisho, na kwa sababu watu wengi wa Mnarani wanamjua kwa ukali wake tu.

Mimi ni mchora hina, naishi Mambrui. Biarusi wengi wa upande wetu wamepita mikononi mwangu. Bi Rehema naye ni msingaji. Kusinga, kwa usiyekuwa wa pwani, ni kumsugua biarusi mwili mzima kwa singo, ule unga wa liwa, dalia na maua uliokandwa kwa marashi, mpaka ngozi iwe laini na manukato yaingie ndani. Yeye husinga kwanza, mimi nachora baadaye. Ndivyo alivyoniona mara ya kwanza, nimeinama juu ya mguu wa biarusi, na ndivyo alivyokuja kunitaka kwa mwanawe Athumani. Alisema alipenda jinsi mkono wangu usivyotetemeka. Baada ya hapo hakunisifu tena kwa lolote. Tuliheshimiana, tukapelekeana mikono ya Idi, lakini heshima yetu ilikuwa na baridi.

Uvimbe niliugundua mwenyewe bafuni, masika yakielekea ukingoni. Ulikuwa kwenye titi la kushoto, mdogo, mgumu, hauumi. Nilikaa nao kidogo nikijidanganya kuwa utaondoka. Haukuondoka. Mambo yakaenda haraka: vipimo, kusubiri, jibu, kusubiri tena, na katika kile kipupwe cha katikati ya mwaka nikapasuliwa. Titi lenyewe hawakulikata. Walitoa uvimbe na nyama ya kando yake, nikabaki na kovu upande na kijibonde kidogo. Nilimshukuru Mungu nikadhani yamekwisha.

Daktari akaniambia hayajaisha. Alinieleza taratibu, na hili ndilo nililolishika: kisu kimetoa kinachoonekana, mionzi itamaliza kisichoonekana, na nikiianza nisikatishe. "Ukiacha katikati, Mwanaidi, tutakuwa tumefanya nusu ya kazi," aliniambia. "Na nusu haikulindi." Maneno hayo yalinifuata kila nilipokwenda.

Mionzi iko Mombasa, na ni kila siku ya kazi, wiki baada ya wiki. Kutoka Mambrui huwezi kwenda na kurudi hivyo ukabaki mtu. Athumani akakuna kichwa, akasema lile nililokuwa nikiliogopa: nikakae kwa mama yake Mnarani, karibu zaidi na Mombasa. Jirani yake anafanya kazi bandarini, ana gari, huondoka kila asubuhi. Ijumaa nitarudi nyumbani, Jumapili nitashuka tena. Nikakubali, kwani nilikuwa na chaguo gani?

Bi Rehema alinipokea mlangoni kwake, mvua za vuli zikianza kudondoka. "Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Umekonda. Ingia."

Akanipa chumba chenye dirisha kubwa, akanionyesha bafu, akanionyesha birika, kisha akarudi zake kwenye nazi aliyokuwa akiikuna. Hakuniuliza titi liko vipi. Siku ile niliona ni ukavu wa moyo.

Kabla ya kuanza kupigwa mionzi unachorwa. Hili hakuna aliyekuwa ameniambia, nami nakuambia wewe mapema. Wanakulaza, wanakupiga picha, wanapima, halafu wanakuchora kifuani kwa kalamu ya wino. Anayechora kwetu alikuwa msichana wa bara, mpole, anaitwa Nekesa. Nilikuwa nimelala na titi nje, mkono wa kushoto nimeuinua juu ya kichwa, na mkono wenyewe tangu upasuaji hautaki kuinuka, machozi yananitoka pembeni. Ili nisilie zaidi nikaanza kumtazama anavyochora.

"Mchoro gani huu hauna hata ua moja?" nikamwambia.

Akacheka. "Mama, wewe ni fundi?"

"Nachora hina. Kalamu unaishika vibaya, lakini mstari wako umenyooka."

"Lazima unyooke. Hii ndiyo inaambia mashine ipige wapi, na isipige wapi. Huku ndani kuna moyo, huku kuna pafu. Kwa hivyo tafadhali, usitie maji hapa. Usisugue. Zikipotea, itabidi tupime tena mwanzo, na foleni unaiona."

Nikamwambia nimesikia. Miaka yote nimewaambia biarusi maneno yale yale, usitie maji, usisugue, nao wakinijibu vivyo hivyo. Jioni nikamwambia Bi Rehema pasitiwe maji kifuani; la kusugua sikulitaja.

Chumba cha kungojea ni ulimwengu wake. Siku za kwanza nilikaa pembeni nikijificha ndani ya mtandio, nikiwatazama wengine kama watu wagonjwa na mimi mpita njia. Aliyenitoa huko ni Mama Kahindi, mama wa Kigiriama kutoka mbele ya Ganze, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Alikuwa akitandika leso yake juu ya kiti cha karibu na dirisha, na nikiingia anaivuta. "Njoo, mwanangu, nimekushikia," anasema, kana kwamba tuko arusini na biarusi yu karibu kutoka. Alibeba mihogo ya kuchemsha ndani ya kikapu, na asiyekula hukemewa. Mle ndani hatukuulizana sana kuhusu ugonjwa. Tuliulizana umelala vipi, umekula nini, ngozi inasemaje. Mtu akikosekana siku moja sote tulitazama mlango.

Na mashine yenyewe? Haiumi. Unalala, wanakuweka sawa, wanakusogeza kidogo huku, kidogo kule, wanaambiana namba. Halafu wote wanatoka, na mlango mzito unafungwa nyuma yao. Hapo ndipo nilipoogopa. Kitu ambacho wenye ujuzi wote wanakikimbia, mimi nimeachwa nacho. Mashine inazunguka polepole, inavuma kama friji kuukuu, inanyamaza, na mlango unafunguka. Nilikuwa nasoma dua moja, nayo ilikuwa haiishi kabla ya mlango kufunguliwa.

Uchovu ulikuja baadaye. Si uchovu wa kazi, ambao ukilala unaondoka. Huu unaamka nao. Nilikuwa nikirudi Mnarani adhuhuri imepita, nakaa kitandani nivue viatu, na kabla sijavua cha pili nimelala. Ngozi nayo ikaanza kuwa na joto, kama nimeianika juani, halafu ikawa nyekundu, halafu nyeusi. Sidiria nikaitupa, nikawa wa dera siku zote.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo wanawake hatuliandiki. Tangu nipasuliwe, hakuna mtu aliyenigusa isipokuwa kwa glavu. Athumani ni mtu mwema. Nikifika Ijumaa nilimkuta amenunua mkate wa mofa na samaki wa kukaanga, nyumba imefagiliwa, watoto wameonywa wasinisumbue. Lakini kitandani alilala ukingoni kabisa, kama mimi ni yai. Nilijua anaogopa kuniumiza. Hata hivyo nilikuwa nageukia ukutani nikalia kimya kimya, na yeye yu macho.

Basi ikafika Alhamisi moja, mionzi ikiwa imekaribia nusu. Nilirudi nimechoka kupita siku zote. Nikajitupa kitandani, dera limelegea begani. Nikiwa kati ya usingizi na macho nikasikia harufu ya waridi. Kisha nikahisi mkono, mkono mzito wa moto, ukinisugua mgongoni kwa duara ndogo ndogo. Nikajua ni Bi Rehema. Nikajua na anachofanya. Ulinipita begani, shingoni, chini ya kwapa lile lililokakamaa kwa woga. Ungenipa dunia nzima wakati ule nisingefumbua macho. Nililala pale kama mtoto anayekandwa na mama yake, usingizi ukanichukua kabisa, na sikumbuki mkono ulipofika mbele.

Niliamka jua likipungua. Mwili wote umelainika, nanukia kama ndani ya sanduku la biarusi. Nikatabasamu peke yangu. Halafu nikatazama kifuani.

Hapakuwa na kitu. Mistari yote ya Nekesa ilikuwa imekwenda, nimebaki na ngozi nyeusi inayong'aa.

Nadhani nilipiga kelele, kwa sababu Bi Rehema aliingia na mwiko mkononi.

"Kuna nini?"

"Mama, alama! Umefuta alama!"

"Alama zipi? Wino ule wa hospitali?"

"Si nilikwambia pasitiwe maji?"

"Sikutia maji, mwanangu." Alisema hivyo kwa utulivu, kwa uhakika wa mtu aliyefuata masharti. "Wallahi sikutia hata tone. Ni marashi matupu. Kesho waenda kwa mumeo, na wanukia dawa na spiriti, umejaa wino kama gunia la bandarini. Nikasema nikusinge, urudi kwake kama mwanamke. Maji sikutia."

Hapo nikaelewa, na hasira ikanishuka miguuni. Maji sikuwa nimemruhusu, naye maji hakutia. Marashi hakuna aliyeyataja. Na zile wiki zote nilizoishi kwake nikidhani hataki kujua habari za titi langu, kumbe alikuwa akitafuta njia ya kuliendea, akapata ile moja anayoijua.

Lakini alama zimekwenda, na kesho nina mionzi, na foleni niliiona. Nusu ya kazi, alisema daktari. Nusu haikulindi. Nikafungua mfuko wangu nikatoa piko, ile rangi nyeusi ya kuwachorea biarusi, na kijiti cha kuchorea. Nilikuwa nimeitazama ile mistari kila siku kwenye kioo. Macho yangu hukumbuka michoro ya biarusi wa miaka mingi iliyopita. Nikajiambia nitaichora upya, hakuna atakayejua, nisipoteze hata siku moja.

"Wafanya nini?" Bi Rehema akauliza.

"Naichora. Naikumbuka."

Akakaa kitandani. Akauweka mwiko chini. "Biarusi tukimkosea jani twageuza likawa ua, na wageni hawajui. Hilo jimashine nalo lapiga wapi?"

"Hapa. Palipokuwa na ugonjwa."

"Na hapa chini yake pana nini?"

"Moyo," nikasema.

"Basi weka chini kijiti chako." Akanishika kifundo cha mkono, wala hakukishika kwa ukali. "Mkono wako hautetemeki, nakujua, ndio uliokuleta kwangu. Lakini mchoro huu si wako. Ni wa yule msichana. Kesho twenda pamoja, na nitasema mimi."

"Mama, watakugombeza mbele za watu."

"Wanigombeze. Waniue? Nimezifuta mimi."

Nataka ufahamu maana ya jambo hili. Bi Rehema ni mtu ambaye mji mzima humwita kwa heshima zake. Mabibi wenye majina hawamwozi binti bila yeye. Sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi, hata kwa kumkanyaga. Asubuhi ile alivaa buibui lake jipya, akajitia wanja, akapanda gari la jirani, na njia nzima hadi Mombasa vidole vyake vikazungusha tasbihi.

Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa. Mama Kahindi akavuta leso yake, akasogea, tukakaa watatu kwenye viti viwili. Nekesa alipotoka kuniita, Bi Rehema akasimama kabla yangu.

"Mwanangu," akasema, sauti yake ile ya kusikika ua mzima, "huyu ni mke wa mwanangu. Alama ulizomchora hana tena. Mimi ndiye niliyezifuta. Nilimsinga kwa marashi nikadhani namfanyia hisani. Kosa si lake, asipoteze nafasi yake kwa ujinga wangu. Nisamehe."

Nekesa alitutazama, mimi, yeye, kisha akaja akamshika mikono miwili.

"Shosho, pole. Usijisikie vibaya," akasema kwa Kiswahili chake cha bara, ambako bibi huitwa shosho. "Afadhali umesema. Kuna wenye zinafutika, wanachora wenyewe huko nyumbani, wanakuja wananyamaza. Hao ndio wananinyima usingizi."

Bi Rehema hakunitazama. Wala mimi sikumtazama. Nilichezea upindo wa mtandio wangu nikijua kijiti changu kimo ndani ya mfuko, na nikajua nimeokolewa na nini.

Mama Kahindi akasema, akimenya muhogo, "Mavyaa kama huyu ningekuwa naye mimi, ningeolewa mara ya pili pale pale." Watu wakacheka, na Bi Rehema akalazimika kupokea muhogo.

Ijumaa ile sikupigwa mionzi. Walinipima na kunichora tena mwanzo mpaka mwisho, Nekesa akakosa chakula chake cha mchana kwa ajili yangu. Nilimuuliza daktari kama nimeharibu. Akasema siku moja hiyo wataifidia mwishoni, na kwamba tungeharibu kweli kama ningepigwa pasipo pake. Jumatatu nikaendelea.

Ila kuanzia siku ile Bi Rehema hakunigusa tena. Kila kingine alifanya. Alinipikia uji wa mchele kwa tui, alikaa nami alasiri akinipepea kwa kipepeo cha ukili ngozi ilipoanza kuchubuka chini ya titi, alinishonea vijikoti vya pamba visivyokwaruza. Alinisimulia habari za biarusi waliozimia na biarusi waliotoroka mpaka mbavu zikaniuma. Lakini nikisogea, yeye husogea. Akinipa kikombe, anakiweka mezani nikichukue mwenyewe. Mikono yake aliikunja ndani ya leso kama imefanya jinai. Nilimwambia mara moja, "Mama, yameisha yale." Akasema, "Najua," na mikono ikabaki pale pale.

Ngozi ilinitesa wiki za mwisho kuliko zote, na nikuambie ukweli, kuna asubuhi nilikataa kuamka. Nilimwambia sitaki tena, nusu yatosha. Bi Rehema hakunibembeleza. Alisimama mlangoni akasema, "Nilijivunjia uso wangu mbele ya watu wa Mombasa ili umalize. Vaa." Nikavaa. Nacheka sasa, siku ile sikucheka.

Siku ya mwisho Mama Kahindi, ambaye zamu yake ilikuwa bado inaendelea, alinifunga leso yake kiunoni nikacheza hatua mbili tatu pale kwenye ukumbi wa kungojea, na Nekesa akapiga kigelegele kibaya cha watu wa bara. Aliniambia alama ziache zijifutie zenyewe, na nisitie kitu chochote ngozini mpaka daktari aseme. "Hata marashi," akaongeza, akikonyeza.

Nikarudi Mambrui. Wino ukafifia taratibu. Ngozi ikabambuka, ikatoka mpya, ya waridi kidogo, kisha ikashika rangi yake au karibu yake. Titi la kushoto limekuwa gumu kidogo kuliko la kulia na limepanda juu. Namwambia Athumani hilo moja limerudi usichana. Mara ya kwanza nilipomtania hivyo alicheka mpaka akasogea kutoka ule ukingo wake, na sikumruhusu kurudi.

Kaskazi ilipokuwa imeshika na joto limepanda, nikaenda kwa daktari. Akanitazama, akanipapasa, akasema ngozi imepona vizuri, niendelee kuja kuangaliwa. Nikamuuliza kuhusu singo. Ilibidi nimweleze singo ni nini. Akasema naruhusiwa, kwa mkono mwepesi.

Sikupitiliza nyumbani. Nilishuka Mnarani. Bi Rehema alikuwa uani anatwanga liwa kwa ajili ya biarusi wa watu. Nikamwamkia, nikavua buibui, nikaketi kwenye kibao mbele yake nikampa mgongo.

"Nimekuja kusingwa, mama."

Mchi ukasimama. "Na mimi?"

"Kuna msingaji mwingine hapa?"

"Daktari amesemaje?"

"Ameruhusu."

"Sema wallahi."

"Wallahi. Kwa mkono mwepesi."

Nilisikia kifuniko cha chupa ya marashi kikifunguka. Kisha mkono ukatua begani kwangu, ule mkono uliosinga nusu ya biarusi wa pwani hii, nao ulikuwa unatetemeka. Ukashuka mgongoni, ukapita kwapani, ukazunguka. Kwenye ukingo wa kovu ukasita.

"Hapa?" akauliza.

"Hapo hapo."

Akauweka. Hakusugua. Alitandaza kiganja juu ya lile titi, juu ya kovu na kijibonde chake, akatulia hivyo, na mtetemeko ukaisha. Baadaye akaniuliza kama yatosha.

Nikamwambia bado.